Peponi ya Gurnah kwa Kiswahili: kitabu kisicho na haraka na mtu

Haya, nshamaliza Peponi, ile tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotolewa na Mkuki na Nyota 2022, na nasema mapema kabisa, kama weye wataka hadithi ya kufukuzana na mauaji kila ukurasa basi pesa zako weka. Abdulrazak Gurnah alikiandika kwa Kiingereza 1994, kikaingia orodha fupi ya tuzo ya Booker mwaka huo huo, sie wengi huku pwani tukaja kumjua 2021 alipopewa Nobel. Ndo zetu hizo.

Kisa chenyewe ukikisimulia hata kikombe cha kahawa hakiishi. Yusuf ana miaka 12, babake ana deni la tajiri Aziz, mtoto anachukuliwa rehani, anauza dukani kwa Aziz, anaenda bara na msafara, Wajerumani nao wanasogea. Lakini mie sikuwa nafunua kurasa nijue kitatokea nini, nilikuwa nataka tu kukaa na hawa watu. Huyo Aziz kwa mfano, ungedhani mtu anochukua watoto wa watu kwa deni atakuwa jitu la kutisha, kumbe mpole, ananukia vizuri, sauti hapandishi, akija kwao Yusuf humpa mtoto sarafu na mtoto anamngoja kwa hamu, sasa weye msomaji hujui uanze kumchukia wapi. Khalil wa dukani naye mdomo haufungi, anamtania Yusuf, anamgombeza, na ndo wa kwanza kumwambia yule si mjomba wako, muite Seyyid. Na wale wazee wa mbele ya duka! Mtu wa Mji wa Kale atawajua mmoja mmoja.

Ila mtu wangu ni Mzee Hamdani wa bustanini. Haongei, haonekani sana. Bibi, mkewe Aziz, alimpa uhuru kama zawadi akaukataa, anauliza nani kamwambia kuwa uhuru ni wake yeye wa kumpa mtu. Hapo nilifunga kitabu kwanza. Mwandishi hakufafanulii kitu, anaendelea zake na maji ya bustani.

Lawama ninayo. Kwenye safari ya bara majina yanakuwa mengi mpaka unarudi nyuma kuangalia huyu nani tena, na Yusuf ananyamaza mno, kuna mahali nilitaka kumtikisa, ingawa mtoto wa rehani nani atamuuliza maoni yake bana.

Kiswahili kimekaa sawa, hasa mabishano ya Hamid, mwenye duka huko bara, na Kalasinga, fundi Singasinga anotaka kuitafsiri Qurani kwa Kiswahili na Kiarabu hajui hata kidogo, nilicheka peke yangu kwenye feri ya Likoni watu wakanigeukia.

Nyota nne na nusu. Na kabla hamjauliza, changu siazimi mtu, nendeni mkanunue.