Dawa ya chupa, silikoni au gasketi mpya: uzoefu wangu na pikipiki kuukuu inayovuja oili

Kwa asiye na muda wa kusoma yote: dawa ya chupa ya kuzuia uvujaji sitainunua tena, silikoni ya tyubu ina mahali pake na ni padogo sana, na seti mpya ya gasketi (vipande bapa vya kuziba kati ya vyuma viwili) na sili (pete za mpira za kuziba kuzunguka shafti) ndiyo iliyofanya kazi niliyoilipia. Lakini mbele ya vyote hivyo kuna tambara na mafuta ya taa, vitu visivyotangazwa popote.

Pikipiki yenyewe ni ya cc 125, silinda moja, inapozwa kwa hewa, na imeshapita mikononi mwa mafundi wengi kabla ya kunifikia. Injini ya ukubwa huo hubeba oili ya lita moja hivi. Gari lenye lita nne likipoteza robo lita halishtuki. Hapa robo lita ni robo ya oili yote, na oili hiyohiyo ndiyo inayolainisha gia na kulowesha klachi. Kwa hiyo tone linalodondoka chini ya pikipiki ndogo si la kupuuzwa hata kama linaonekana dogo.

Nianze na kupima, maana malalamiko mengi ya "oili inapungua" yanatokana na kipimo cha uongo. Pikipiki ikiegemea stendi ya pembeni, oili hukimbilia upande mmoja na kijiti cha kupimia oili husema kitu kingine kabisa. Mimi huisimamisha wima kwa stendi ya kati, pahali tambarare, nawasha injini dakika mbili tatu, nazima, kisha nasubiri tena dakika kama hizo ili oili iliyopanda kwenye hedi, yaani kichwa cha silinda, ishuke. Nafuta kijiti, nakirudisha, nakitoa, nasoma. Kwenye injini nyingi za Kijapani za zamani kijiti hakisokotwi wakati wa kupima. Unakiacha kikae tu juu ya mdomo wa tundu. Ukikisokota hadi mwisho kinazama zaidi, na kitakuonyesha oili nyingi kuliko iliyopo. Zipo injini zinazotaka kisokotwe, kwa hiyo kitabu cha pikipiki yako ndicho chenye neno la mwisho.

Wenye Yamaha SR500, pikipiki iliyotoka 1978 na ambayo oili yake hukaa ndani ya fremu, wana hesabu tofauti. Hiyo hupimwa baada ya injini kuzunguka na kupata moto. Ikilala muda mrefu, oili huteremka polepole kutoka kwenye tangi lake kwenda chini ya injini, na asubuhi kijiti hutoka kikavu. Mtu akiongeza hapo, anajaza kupita kiasi.

Na kujaza kupita kiasi nako ni uvujaji unaokuja. Mtaimbo wa injini, ile shafti kuu inayozungushwa na pistoni, huipiga oili hadi itoe povu, mgandamizo wa ndani unapanda, na oili inatafuta pa kutokea: kwenye bomba la kupumulia, kwenye kisanduku cha chujio la hewa, au kwenye sili iliyochoka. Nimeona pikipiki ikinunuliwa sili mpya wakati iliyohitajika ilikuwa sindano ya kunyonya oili iliyozidi.

Kabla ya kununua chochote, nusa kijiti. Oili nyeusi si kasoro, hiyo ni kazi yake. Oili nyepesi inayonuka petroli, na kipimo kinachopanda badala ya kushuka, ni kabureta inayofurika huku koki ya tangi ikiachwa wazi. Hapo tatizo si gasketi, na ni hatari kuendesha hivyo. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingia maji. Na kama kipimo kinashuka huku injini ni kavu nje, angalia bomba la moshi: moshi wa bluu unapozungusha mkono wa mafuta huelekeza kwenye ringi za pistoni, na ule wa kuwasha tu baada ya kulala huelekeza kwenye sili za valvu.

Sasa uvujaji wenyewe. Upepo husukuma oili nyuma na mtetemo huiteremsha, ndiyo maana mahali palipolowa zaidi ni nadra kuwa mahali panapovuja. Niliosha injini yote kwa mafuta ya taa na brashi, ikiwa imepoa, nikaikausha kabisa, kisha nikapaka poda ya mtoto kwenye maungio yote: mfuniko wa valvu, kitako cha silinda, mifuniko ya pembeni, boliti ya kumwagia oili. Nikaendesha mwendo mfupi tu. Ukienda mbali, kila kitu kinalowa tena na hujifunzi kitu. Niliporudi, poda ilikuwa nyeupe karibu kote, isipokuwa mstari mwembamba wa kahawia kwenye kona moja ya mfuniko wa valvu, duara lililolowa kuzunguka shafti ya pedali ya gia, na unyevu hafifu kwenye kitako cha silinda. Boliti ya chini, ambayo ndiyo iliyokuwa ikidondosha matone, ilikuwa kavu. Oili ilikuwa ikitokea kwenye shafti ya gia, inapita chini ya injini, na kuning'inia kwenye boliti kwa sababu ndiyo sehemu iliyo chini kuliko zote.

Jihadhari pia na eneo la sproketi ya mbele, gurudumu la meno linalovuta cheni. Uchafu mweusi unaorundikana pale mara nyingi ni grisi ya cheni tu. Lakini ukisafisha na ukaona oili mbichi nyuma ya sproketi, usiiahirishe, kwa sababu kutoka pale oili hufika kwenye cheni na tairi la nyuma.

Kwanza nilijaribu dawa ya chupa, kwa kuwa ndiyo inayosifiwa na ndiyo rahisi. Dawa za aina hii hulainisha na kuvimbisha mpira wa sili uliokauka. Kwenye shafti ya gia ilisaidia kidogo: palipokuwa panadondosha pakawa panatoa jasho tu. Kwenye mfuniko wa valvu haikubadilisha lolote, na isingeweza, kwa sababu gasketi ya karatasi haina cha kuvimba. Hata mpira uliochanika hauungwi na kimiminika. Nilipobadilisha oili, ile ya shafti ya gia ikarudi taratibu. Jambo lililonikera zaidi ni lebo: maelezo yote yalihusu magari, hakuna neno hata moja kuhusu klachi inayozama kwenye oili. Oili ya pikipiki hupimwa kwa kiwango cha Kijapani cha JASO, na alama ya MA au MA2 kwenye chupa inamaanisha klachi haitateleza. MB ni ya msuguano mdogo, inafaa skuta ambazo klachi yake haiguswi na oili ya injini. Kutafuta oili ya MA kisha kuichanganya na kitu kisichosema lolote kuhusu klachi ni kujiharibia mwenyewe. Alama yangu kwa dawa hii ni mbili kati ya kumi, na hizo mbili ni za mtu aliye safarini anayehitaji kufika tu.

Silikoni sikuhitaji kuijaribu sana, maana aliyenitangulia alishaijaribu kwa niaba yangu. Nilipofungua mfuniko wa upande wa klachi, chujio la waya lililo chini lilikuwa limebeba vipande vya silikoni ya kijivu, virefu na vyembamba kama tambi, vimejipanga upande ule ule pampu inaponyonya. Mtu alipaka nyingi, akakaza mfuniko, ya nje akaifuta ikapendeza, ya ndani ikakatika na kuanza kutembea. Injini ya aina hii haina nguvu ya ziada ya kunyonya oili kupitia uchafu huo. Silikoni nzuri inayostahimili joto ina kazi pale ambapo mtengenezaji mwenyewe hakuweka gasketi, chuma kwa chuma, na hapo ni utando mwembamba tu unaoachwa ukauke kwa muda ulioandikwa kwenye tyubu. Kupaka juu ya gasketi ya zamani iliyochanika, au kwa nje juu ya oili, ni kupoteza tyubu.

Seti ya gasketi na sili ndiyo iliyomaliza kazi, ingawa si kwa kuifungua na kuibandika. Linganisha kila gasketi na ile ya zamani kabla ya kuipaka chochote. Katika seti yangu moja ilikuwa na tundu la pini lililokaa kando kidogo, na ikabidi niibadilishe dukani. Mabaki ya gasketi ya zamani yalowanishe, kisha uyakwangue kwa kipande cha plastiki au mti mgumu. Bisibisi huacha mkwaruzo kwenye alumini, na mkwaruzo huo ndio njia mpya ya oili. Tukizungumzia bisibisi: skrubu za pikipiki kuukuu za Kijapani zina kichwa cha msalaba kinachofanana na Phillips lakini ni cha JIS, kiwango cha viwanda cha Kijapani. Bisibisi ya Phillips huruka na kuutafuna. Nunua bisibisi ya JIS, utanishukuru ukifika skrubu ya tatu.

Sili ya shafti ya gia kwenye injini yangu hutoka kwa nje bila kuifungua injini katikati. Niliing'oa taratibu bila kuikwaruza shafti, nikazungushia meno ya shafti utepe wa plastiki ili yasichane mdomo wa sili mpya, nikapaka oili kidogo, upande wenye springi ukielekea ndani kwenye oili, kisha nikaisukuma kwa soketi yenye kipenyo kinacholingana nayo hadi ikakaa sawa na ukingo. Tangu hapo ni pakavu. Mfuniko wa valvu nao ulikauka kwa gasketi mpya na kukaza boliti kwa kukingamanisha, kidogo kidogo. Pete ya kuziba (washa) ya boliti ya kumwagia oili ibadilishe kila unapomwaga. Ile ya kubonyea ikishabonyea mara moja imemaliza kazi, na kuikaza zaidi ili iwe kavu ndiko kunakovua nyuzi za alumini.

Kagua pia bomba la kupumulia kabla ya kumlaumu aliyetengeneza sili. La kwangu lilikuwa limekunjwa nyuma ya betri, na mengine huzibwa na matope au nyigu. Mgandamizo ukikosa pa kutokea, sili mpya nayo itavuja ndani ya muda mfupi.

Kitako cha silinda bado kinatoa jasho na nimekiacha. Kukifungua kunataka kutoa hedi na silinda, na oili inayotoka pale haifiki hata kwenye tambara kwa wingi wa kupunguza kipimo. Nafuta na kupima kila ninapojaza petroli. Gasketi yake ilikuja kwenye seti ileile. Nimeihifadhi bapa kati ya makadi magumu, maana ya karatasi ikishajikunja haikai tena vizuri, na siku ringi zitakapodai kubadilishwa nitafungua mara moja kwa kazi zote mbili.