TAHADHARI: Unatafuta namba ya huduma kwa wateja ya antivirasi? Soma hii kwanza kabla hujapiga

Wakuu habari za muda huu. Naandika hii kabla hajapigwa mwingine, naomba muisome hata kama ni ndefu na mumtumie mzazi, mwalimu, mwenye steshenari, yeyote mwenye laptopu yenye antivirasi ya kulipia. Kuna matapeli wanajifanya ni huduma kwa wateja ya kampuni za antivirasi, na hawa hawakufuati, wanakaa wanasubiri we uwatafute. Hicho ndo kinachoniuma. Tumeshazoea kuambiana usimjibu yule wa "ile pesa tuma kwenye namba hii", sasa hapa mtu kapiga mwenyewe, kaitafuta namba mwenyewe, hana wasiwasi hata kidogo, na wao wanajua hilo.

Mi ni fundi kompyuta. Mteja wangu mmoja, dada ana steshenari yake (nimemuomba ruhusa kuandika, jina naliacha), aliniletea mashine ikiwa tayari wameshamaliza kazi yao. Antivirasi kwake sio anasa, mnajua steshenari zilivyo, flashi za mtaa mzima zinachomekwa pale, mwanafunzi anakuja kuprinti ripoti flashi imejaa shotikati tupu mafaili yote yamefichwa, ukiweka hiyo kwenye mashine isiyo na ulinzi na ya mteja anayefuata nayo inaondoka na ugonjwa. Kwa hiyo alienda mjini akanunua kile kikadi cha kukwangua chenye namba ya lisensi (ndo ruhusa ya kuitumia programu), bei ikiwa chini sana kuliko ya kampuni yenyewe, akaambiwa mwaka mzima hutasumbuka. Mwaka haujafika hata nusu programu ikaanza kuandika lisensi sio halali. Akarudi dukani, muuzaji akamwambia hilo sio letu dada, wasiliana na kampuni. Risiti hakupewa.

Hapo kwenye kikadi nisimame kidogo maana ndo mlango wenyewe. Lisensi nyingi zinauzwa kwa idadi ya vifaa, kuna ya kifaa kimoja, kuna ya vitatu, vitano na zaidi, sasa muuzaji asiye mwaminifu anachukua namba moja anawauzia watu wengi kuliko idadi inayoruhusiwa, au anachukua lisensi ya nchi nyingine, au iliyonunuliwa kwa kadi ya wizi. Siku za mwanzo inakubali vizuri tu. Kampuni ikija kuona namba moja inatumika kila mahali inaifunga, na wewe uliyelipa hela yako ya halali unabaki huna kitu na huna ushahidi kwamba ulinunua. Kwa hiyo ukinunua antivirasi dukani dai risiti ya EFD, kikadi kiwe hakijakwanguliwa, na uiingize namba palepale mbele ya muuzaji kwenye akaunti yako kwenye tovuti ya kampuni uone imeandika vifaa vingapi na inaisha tarehe gani. Muuzaji akianza kukuharakisha au akasema anaiingiza yeye kwa akaunti yake, shika hela yako ondoka.

Tuendelee. Dada akasachi mtandaoni jina la antivirasi na maneno ya namba ya huduma kwa wateja. Ikaja ya kwanza juu kabisa, nembo ipo, rangi ni zilezile, kuna sehemu ya kuchati. Akaandika shida yake, wakamwambia tuhamie WhatsApp tukusaidie haraka. Tafadhali hapa msome taratibu. Huyo mtu hakumuomba hela. Alimuuliza jina la kompyuta, akamuuliza lini alinunua, akampa pole, akampa namba ya kesi, akamwambia sawa nimeona tatizo lako naomba nikuangalizie, weka programu hii ya kuunganisha kompyuta yako na yetu. Programu zenyewe ni halali, AnyDesk, TeamViewer, UltraViewer, hata sisi mafundi tunazitumia kila siku, ndo maana mara nyingi antivirasi haipigi kelele ukiiweka. Ukishamsomea zile namba na kubonyeza kukubali, yeye ndo ameshika mausi yako.

Akishaingia kuna maigizo anafanya, na ni yaleyale dunia nzima, ukiyajua huwezi kutishika. Anafungua Event Viewer, ile sehemu Windows inaandika kumbukumbu za kila kinachotokea, anakuonyesha alama nyekundu na njano nyingi anasema haya yote ni mashambulizi. Fungua kompyuta yoyote nzima, hata iliyotoka kwenye boksi leo, utazikuta, ni vitu vya kawaida kabisa kama huduma fulani ilichelewa kuwaka. Au anafungua ule ukurasa mweusi wa CMD anaandika tree, yanashuka majina ya mafolda yako kwa kasi, yakiisha anakuwa ameshachapa chini maneno kwamba virusi vimepatikana. Kachapa yeye kwa mkono wake. Au anaandika netstat, inatoka orodha ya miunganisho ya intaneti, anakwambia hawa wote ni wadukuzi wako ndani, kumbe ni brauza yako tu na tovuti ulizofungua.

Baada ya hapo akamwambia lisensi yako imefungwa kimakosa, kampuni inakurudishia hela, jaza fomu. Fomu ina namba ya kadi, tarehe ya kuisha na zile namba tatu za nyuma. Skrini ikawa nyeusi, "tunasafisha virusi usiguse kitu". Simu yake ikaingia meseji ya benki yenye OTP (ile namba ya siri ya kutumia mara moja), akaambiwa hiyo ndo namba ya kuthibitisha marejesho, isome. Akaisoma. Ikaja nyingine, "ya kwanza imegoma". Akasoma. Mpaka anashtuka kwenye kadi imeondoka karibu laki tisa, hela ya karatasi na wino za kufungulia shule.

Jamani OTP ni sahihi yako ya kutoa hela. Hela ikiwa inakuja kwako hakuna anayehitaji OTP yako, kwenye benki, kwenye M-Pesa, popote. Na zile meseji huwa zimeandika kabisa kiasi na jina la anayelipwa, ila mtu akiwa anaharakishwa sikioni anasoma tarakimu tu.

Nilivyoifungua mashine ndo nikachoka kabisa. Ile programu ya kuunganisha ilikuwa imewekewa nywila ya kudumu, yaani anaingia muda wowote kompyuta ikiwa imewaka bila kubonyezewa kukubali. Kulikuwa na ya pili imewekwa kimyakimya wala dada haijui. Antivirasi yenyewe imetolewa. Na kwenye Windows Security, sehemu ya vitu ambavyo Defender (antivirasi inayokuja na Windows yenyewe) isivikague, wameweka diski C nzima, kwa hiyo Defender inaonyesha alama ya kijani kila kitu kiko salama na haikagui chochote. Mafundi wenzangu mkiletewa mashine ya namna hii nendeni hapo kwanza. Mi sikuhangaika kusafisha, nilitoa mafaili yake nikayakagua kwenye mashine nyingine, nikafuta diski nikapiga Windows upya.

Sasa kuhusu kusachi. Watu wananiambia si ilikuwa ya kwanza kwenye matokeo? Ya kwanza mara nyingi ni tangazo, na tangazo analipia yeyote mwenye hela. Microsoft walipiga marufuku kwenye Bing matangazo ya watu wa nje wanaojiita sapoti ya kompyuta toka 2016, Google nao wakatangaza kuyabana 2018, na bado wanapenya. Tena Juni 2025 watafiti wa Malwarebytes, kampuni ya antivirasi, walionyesha mbinu mbaya zaidi, tangazo linakupeleka kwenye tovuti halisi kabisa, walitaja Apple, Netflix, PayPal, HP na wengine, ila ile linki imetengenezwa ili kwenye sehemu ya kutafutia ya tovuti hiyo itokee namba ya tapeli kana kwamba kampuni ndo imeiandika. Juu anwani ni ya kweli, kufuli lipo, namba ni ya mwizi. Kwa hiyo ule ushauri wa "angalia anwani ya tovuti" peke yake hautoshi tena.

Njia salama ni kuanzia ndani ya programu yenyewe uliyonayo. Fungua antivirasi, tafuta sehemu ya akaunti yangu au msaada, bonyeza hapo ikupeleke yenyewe. Kama imeshatolewa, chapa anwani ya kampuni kwa mkono, ingia kwenye akaunti kwa imeili uliyojisajilia, humo ndo kuna lisensi, tarehe, na kitufe cha kuzima kujirudia kwa malipo. Hicho kitufe kizimeni siku ileile mnayonunua kwa kadi, maana wengi wao mwaka wa kwanza wanakupa punguzo na mwaka wa pili wanakata bei kamili bila kukuuliza. Uingereza mamlaka yao ya ushindani, CMA, iliwabana McAfee na Norton 2021 kwa mambo haya haya ya kujirudia kwa malipo. Sio wizi kama wa hawa matapeli lakini inaumiza, na ndo inasababisha watu wengi waanze kutafuta namba za kupiga kwa hasira.

Wapo pia wanaokuja kwa imeili. Inakuja risiti imeandikwa antivirasi yako imelipiwa tena, umekatwa dola mia tatu na kitu, kama hukuidhinisha piga namba hii ndani ya saa 24. Mtu hajawahi hata kuwa na antivirasi hiyo ila kwa kuogopa kukatwa anapiga. Nyingine zinatumwa kupitia mfumo wa kweli wa PayPal kama ankara, kwa hiyo hata imeili yako haizitupi kwenye takataka. Ndugu zetu mlioko Marekani hii inawahusu sana, FTC, tume ya huko inayolinda wateja, ilisema kwa mwaka 2023 jina lililotumiwa na matapeli kuliko yote ni Best Buy, duka la vifaa vya elektroniki, na Geek Squad yake, kitengo chake cha mafundi, ripoti kama 52,000, zikiwemo hizi za kurudia malipo. Ukipata hiyo usipige, usibonyeze, fungua benki yako uangalie kama kuna hela imetoka kweli. Mara nyingi haijatoka hata senti.

Na zile notifikesheni zinazotokea pembeni ya skrini "antivirasi yako imeisha, una virusi vitano", hata kwenye simu, nyingi hazitoki kwenye antivirasi yoyote, zinatoka kwenye tovuti uliyoibonyezea kuruhusu ulipokuwa unadownload muvi au kuangalia mpira. Ingia mipangilio ya brauza, sehemu ya notifikesheni, futa tovuti zote usizozijua, zinakata palepale. Ikijaa skrini nzima na sauti inapiga kelele usipige namba yoyote, shikilia Esc kidogo, au bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ifunguke Task Manager (orodha ya programu zinazofanya kazi), uifunge brauza humo.

Kama yameshakukuta, kata intaneti kwanza, chomoa modemu, zima hotspoti, usibishane naye kwenye simu. Piga benki kwa namba iliyoko nyuma ya kadi yako, sio ya kusachi, funga kadi, na uombe utaratibu wa kupinga malipo, uwape muda na kiasi cha kila muamala. Kisha kwa kifaa kingine, sio hiyo kompyuta, badilisha nywila ukianza na imeili maana kwa imeili yako wanaweza kufungua vingine vyote. Chukua RB polisi, benki wanaweza kuihitaji, na piga picha chati zote kabla hawajazifuta. Namba ikiwa ya hapa Tanzania forwadi meseji zao kwenda 15040, Kenya kwa Safaricom ni 333. Halafu jiandae, wiki zinazofuata atakuja mtu anasema sisi ni kitengo cha kurejesha hela zilizoibiwa, tuma kiasi kidogo cha kufungua faili. Ni walewale, namba yako wanayo.

Mwenye kompyuta ya kawaida anayeuliza atumie nini, Windows 10 na 11 zinakuja na Defender bure, ikiwa imewashwa na inapata apdeti inafanya kazi nzuri, haina lisensi wala huduma kwa wateja ya kutafuta. Windows 10 apdeti zake za kawaida zilisitishwa 14 Oktoba 2025 kwa hiyo anayeweza ahamie 11. Dada nimemuwekea hiyo Defender, na nimezima kujifungua kwa flashi zinapochomekwa.

Kuhusu duka, nimeenda naye na kikadi chake, wamekataa kurudisha hela kwa sababu hana risiti. Benki wamepokea malalamiko na kadi mpya imetolewa, wakijibu kuhusu zile hela nitaleta mrejesho.