Sekondari ya Serikali Hapa Bagamoyo: Tathmini ya Mzazi

Mzazi wa Bagamoyo ambaye mtoto wake amepangiwa sekondari ya serikali wanakosoma watoto wetu wawili, mmoja kidato cha pili na mwingine kidato cha sita, amlete bila hofu. Hata hivyo, ajue mapema kwamba masomo, michezo na sanaa havipewi uzito sawa shuleni hapo.

Masomo ndiyo nguvu ya shule hii. Maabara ya kemia hutumika mwaka mzima, hata na vidato vya chini, badala ya kufunguliwa wiki chache kabla ya mtihani wa taifa wa Novemba. Ninachokithamini zaidi ni jinsi wanavyopokelewa watoto wa kidato cha kwanza, ambao wamesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha wanakuta karibu kila somo linafundishwa kwa Kiingereza. Mwalimu wa baiolojia humwacha mwanafunzi aeleze kwanza kwa Kiswahili alichokielewa, ndipo amsaidie kukiandika kwa lugha atakayoulizwa kwenye mtihani. Madaftari ya mtoto wetu wa kidato cha pili, ambayo mwanzoni yalikuwa na maneno yaliyonakiliwa ubaoni tu, sasa yana sentensi zake mwenyewe, na kwangu huo ni ushahidi mzito kuliko wastani wowote wa darasa.

Kuhusu gharama, ada iliondolewa mwaka 2016 hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 kwa kidato cha tano na cha sita. Sare, madaftari na mchango wa chakula cha mchana bado ni juu ya mzazi.

Michezo inaendeshwa kwa moyo, ingawa uwanja ni wa mchanga na mipira ni michache. Timu ya netiboli hufanya mazoezi ya kweli kujiandaa kwa UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari Tanzania, na wasichana wanapewa nafasi sawa na wavulana, jambo ambalo si la kawaida kila mahali. Wanafunzi wa kidato cha sita hukosa sehemu kubwa ya maandalizi hayo kwa kuwa mtihani wao huwa mwezi Mei; hilo halikwepeki.

Sanaa ndiyo inayoniuma. Mji huu una TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, iliyoanza mwaka 1981 ikiitwa Chuo cha Sanaa, na watu husafiri kutoka mbali kuja kujifunza hapa ngoma, uigizaji na uchoraji. Shuleni kwetu, sanaa ni klabu ya Ijumaa alasiri, inayotegemea vijana wa mjini wanaojitolea kufundisha ngoma za mdundiko na sindimba, nayo huahirishwa kila mtihani wa majaribio unapokaribia. Tangu mwaka 2024 orodha ya tahasusi, yaani michanganyiko ya masomo, za kidato cha tano ina za sanaa na za michezo pia, kwa hiyo mtoto mwenye kipaji hicho anaweza kukisomea rasmi, lakini hawezi kufika huko ikiwa miaka minne ya mwanzo hakuwa na mwalimu wa somo lenyewe.

Bodi ya shule ingeweza kuomba makubaliano ya maandishi na TaSUBa, ili wakufunzi waje kwa ratiba inayojulikana na vipindi viingie kwenye ratiba ya asubuhi. Hadi hilo litakapofanyika, mzazi mwenye mtoto msanii amwache asome hapa kwa ajili ya masomo, na jioni amtafutie mwalimu wa sanaa mjini.