Mshauri wa wanariadha pale Kaloleni, Arusha: pesa yangu ilifanya kazi gani

Naandika haya kwa ajili ya wazazi wenzangu wa Moshi na Arusha wenye watoto wanaokimbia, maana tangu tulipokwenda kwa huyu mshauri nimekuwa nikisimamishwa hadi sokoni Mbuyuni kuulizwa. Jina lake silitaji. Ameniomba hivyo mwenyewe, kwa kuwa anapokea watu wa kuelekezana tu. Ni mwalimu mstaafu wa hisabati ambaye ujanani alikimbilia timu ya chuo kimoja Marekani, na sasa amekodi chumba Kaloleni, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Uwanja wa Sheikh Amri Abeid. Kazi yake ni kumkalisha mwanafunzi mwenye kipaji cha michezo pamoja na mzazi wake, akawaeleza njia za kuingia vyuo vya Marekani, vikiwemo vile vinavyofundisha maofisa wa jeshi. Hivyo vya jeshi ndivyo vilivyotupeleka kwake.

Binti yangu yuko kidato cha tano. Anakimbia mita 800 na 1500, na UMISSETA imemfikisha ngazi ya mkoa. Baada ya mashindano akatokea mtu mmoja hapa mjini, anajiita wakala, akatuambia kocha wa West Point, chuo cha maofisa wa jeshi la nchi kavu la Marekani, ameiona video ya binti na "ameshamchukua". Kilichobaki, alisema, ni shilingi milioni mbili za kufungua faili. Sikumpa kitu. Nilimwambia nataka kwanza kuuliza mtu anayejua, na mwalimu wa michezo wa shuleni kwao ndiye aliyenielekeza Kaloleni.

Kikao cha kwanza ni shilingi 50,000 kwa familia, si kwa kichwa. Sisi kilichukua asubuhi nzima na hakutuharakisha hata mara moja, ingawa nje walikuwepo wengine wanasubiri.

Alianza na uraia, kabla hata hajauliza binti anakimbia kwa muda gani. Mmarekani anayetaka kuingia West Point, chuo cha wanamaji cha Annapolis au kile cha jeshi la anga cha Colorado Springs anatakiwa awe na miaka 17 na asiwe ametimiza 23, asiwe na ndoa wala mtoto wa kumtunza, na juu ya maombi yake chuoni apate uteuzi. Uteuzi huo kwa kawaida hutoka kwa seneta au mbunge wa jimbo lake, au kwa makamu wa rais. Chuo cha walinzi wa pwani kilichoko New London peke yake ndicho kisichodai uteuzi. Mtoto wa Kitanzania hana seneta. Kwake mlango ni mwingine: serikali ya Marekani huialika nchi, nchi hupendekeza majina, na mambo hupitia ubalozi wa Marekani. Sheria yao inaruhusu wageni wasiozidi 60 kwa wakati mmoja katika kila kimoja cha vyuo hivyo vitatu, na hao 60 ni wa dunia nzima, wa miaka yote minne ya masomo. Nchi inaweza kudaiwa gharama za mwanafunzi wake isipokuwa isamehewe. Na akihitimu, mgeni anarudi kutumikia jeshi la kwao.

Niliposikia hivyo nilielewa yule wakala alikuwa anauza nini. Mwalimu hakumsema vibaya. Alituonyesha tu kwenye simu yake kwamba fomu ya kujitambulisha kwa kocha iko wazi kwenye tovuti ya timu, inajazwa bure, na kwamba maombi ya kuingia kwenye vyuo hivyo vya jeshi hayana ada. Milioni mbili zingefungua faili gani?

Sehemu ya kocha ndiyo iliyonifanya nione thamani ya ile elfu hamsini, kwa hiyo niikalie kidogo. Timu za vyuo hivyo vitatu, zinazoitwa Army, Navy na Air Force, zinashindana daraja la kwanza la michezo ya vyuo, sawasawa na vyuo vikubwa vya kiraia, kwa hiyo makocha wao wanatafuta wakimbiaji kwa bidii ileile. Wanaandika, wanapiga simu, wanaalika mtoto akaone chuo. Mtoto anayesikia kocha akisema "tunakutaka" anadhani amefika. Kumbe kwenye chuo cha jeshi kocha ana neno, hana sahihi. Anaweza kulipeleka jina kwa ofisi ya udahili na kusema huyu ananifaa, na neno hilo lina uzito. Lakini masomo, afya, kipimo cha mwili na uteuzi vinaamuliwa na watu wengine, na kimoja kikikwama kocha hana la kufanya. Mwalimu alilisema kwa maneno ambayo binti aliyaandika kwenye daftari lake: kocha anaweza kukutaka, hawezi kukuingiza.

Tena hakuna kitu kinachoitwa udhamini wa michezo kule. Kila kadeti anasoma, analala na kula bure na anapewa posho, awe bingwa au asiwe na mchezo wowote wa maana. Kwa Mmarekani malipo ni utumishi, si chini ya miaka 5 jeshini baada ya kuhitimu. Ndiyo maana swali zito la siku ile halikuhusu mbio kabisa. Alimgeukia binti, akaniomba mimi nisijibu, akamuuliza: ukiumia goti mwaka wa kwanza na usikimbie tena maishani, bado utaamka alfajiri kupiga kwata na kusoma uhandisi wa kijeshi miaka mitatu iliyobaki? Mimi nilishafungua mdomo, akanizuia kwa mkono. Sikupenda kuzuiwa mbele ya mwanangu. Lakini binti alijibu mwenyewe, na akajibu kwa kirefu kuliko nilivyowahi kumsikia: kwamba amewatazama wahandisi wa jeshi wakijenga daraja baada ya mafuriko, na hiyo ndiyo kazi anayoitaka, mbio ziwepo zisiwepo. Nilikuwa sijui. Nilidhani anataka Marekani.

Vijana wengi wanaofika pale, alisema, huja na mfano wa Paul Chelimo, Mkenya aliyepata medali ya fedha ya mita 5000 Olimpiki ya Rio 2016 akiwa amevaa jezi ya Marekani, tena ni askari. Mwanangu naye alimtaja. Chelimo hakupita kwenye chuo cha maofisa. Alisoma chuo cha kiraia, University of North Carolina at Greensboro, kisha akaingia jeshini kama askari wa kawaida na kuwekwa kwenye programu ya jeshi ya wanamichezo wa kiwango cha dunia. Mpango uliokuwa ukiwapokea wageni kama yeye jeshini ulisimamishwa 2016. Sijawahi kusikia mtu akitenganisha njia hizo mbili kwa uwazi namna ile, na nadhani mawakala wengi wanaishi kwa kuzichanganya.

Kwa shilingi 20,000 zaidi anampimia mtoto kipimo cha mwili kinachotumiwa na vyuo hivyo, kwenye kiwanja cha shule ya jirani. Lipeni hiyo pesa hata kama hamfikirii jeshi. Ni mazoezi sita mfululizo, yote ndani ya dakika 40: kurusha mpira wa kikapu ukiwa umepiga magoti, kujivuta kwenye bomba, kukimbia na kurudi umbali wa mita 9 hivi mara nne, kuinuka kutoka chali kwa dakika moja, pushapu dakika moja, na mwisho maili moja, yaani mizunguko minne ya uwanja na mita tisa za ziada. Wasichana wanaruhusiwa kuning'inia wakiwa wamekunja mikono badala ya kujivuta. Binti yangu ambaye hakuna wa kumshika wilayani alirusha mpira ukaanguka karibu mno, akarudia, ukaanguka palepale. Kwenye bomba mikono ilimtetemeka mara moja akaachia. Maili aliikimbia kwa raha na kuwaacha wavulana wawili waliokuwa wanapimwa naye. Mwalimu akamwambia miguu ipo, sasa tafuta mabega, akampa mazoezi ya mabega na mgongo ambayo anayafanya nyumbani kwenye bomba alilofungiwa na kaka yake kati ya miembe miwili. Kwa mkimbiaji wa masafa ya kati mazoezi hayo hayapotei.

Kuhusu kalenda alikuwa mkali, na hapa wazazi wa shule za serikali tusikilize vizuri. Mtihani wa kidato cha sita ni Mei, matokeo hutoka Julai. West Point inapokea kadeti wapya mwishoni mwa Juni au mwanzoni mwa Julai. Maana yake mtoto wetu hawezi kumaliza na kuingia mwaka uleule, lazima aombe kwa ajili ya mwaka unaofuata, na katikati hapo ana JKT. Vyuo vya kiraia navyo vina saa yake inayokimbia: chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kinahesabu muda tangu mtoto alipotakiwa kumaliza sekondari, na anayekaa akishindana mtaani bila kujiunga na chuo anaweza kupoteza msimu. Kwa hiyo ajiandikishe mapema kwenye kituo chao cha uhakiki, na shule ianze kuandaa matokeo yake ya masomo makuu ya sekondari, ambayo vyuo vya daraja la kwanza la michezo vinataka 16.

Sasa kasoro, maana zipo. Anajua riadha, na riadha ndiyo anayoijua. Baba mmoja tuliyekutana naye barazani, amekuja na kijana muogeleaji kutoka Usa River, alitoka na maelezo ya jumla tu, na bei ilikuwa ileile. Hilo aliangalie, au aseme mapema. Risiti hatoi mpaka umwombe. Karatasi ya tarehe anayokupa imeandikwa kwa mkono, na mwandiko wake wa ubaoni haukuhamia kwenye karatasi, ikabidi nimpigie kuuliza kama ile ni Oktoba au Agosti. Chumba ni kidogo na joto la mchana halina pa kutokea. Pia hamwandikii mtoto insha wala barua kwa kocha. Kuna mzazi aliyelalamika juu ya hilo, mimi naona ni sawa. Anasoma alichoandika mtoto, anapiga mstari penye uongo, anarudisha.

Kwetu sisi ushauri wake ulikuwa huu: West Point isiwe mpango, iwe jina linaloweza kupendekezwa na serikali siku moja kama mtoto ameshajijenga hapa. Vyuo vya kiraia vya Marekani viombwe, maana njia hiyo Watanzania wameipita. Suleiman Nyambui na Gidamis Shahanga walikimbilia University of Texas at El Paso, na Nyambui akarudi na medali ya fedha ya mita 5000 kutoka Olimpiki ya Moscow 1980. Na kama anachotaka hasa ni uofisa, basi asiisahau Monduli, ambako chuo chetu cha maofisa kipo, umbali wa daladala kutoka pale tulipokuwa tumekaa. Alphonce Simbu ni askari wa JWTZ, na Septemba 2025 alichukua dhahabu ya marathoni ya dunia Tokyo. Mtoto wa kaskazini hahitaji kuvuka bahari ili avae kombati na akimbie. Binti alitabasamu aliposikia Monduli, na mimi niliona.

Kwa hiyo sasa anasoma kwa ajili ya kidato cha sita, anafanya mazoezi ya mabega, amejaza fomu za makocha wa vyuo vitatu vya kiraia kwa simu yangu, na anasubiri JKT kwa hamu ambayo sikuitegemea. Yule wakala alinipigia tena. Nilimtajia uteuzi, ubalozi na wageni 60, akakata simu.

Mkienda, nendeni Jumamosi asubuhi, kabla ya saa mbili kama mnaweza, kwa kuwa hatoi namba za foleni na anayetangulia ndiye anayeingia. Mbebe matokeo halisi ya kidato cha nne, cheti cha kuzaliwa, na muda wa mbio uliopimwa kwenye mashindano ukiwa na jina la mashindano na tarehe. Ule uliopimwa na mjomba kwa simu hauangalii. Mtoto avae raba na bukta chini ya nguo zake, akiamua kumpima siku hiyohiyo msirudi mara mbili. Na mkiwa na muogeleaji, mpigieni kwanza.