Kujifunza kuserfu Malindi: bahari tamu, duka la bodi ndio balaa

Hii hasira nimekaa nayo wiki kadhaa nikisema acha ipite, haipiti, basi naandika. Kama unataka kujifunza kuserfu Malindi, yaani kusimama juu ya bodi wimbi likikusukuma, kabla hujatoa hata shilingi itazame bodi unayopewa, tena uigeuze juu chini.

Tulienda kusi ikiwa imekolea, mwezi wa nane hivi, maana Malindi ndio pwani yetu yenye mawimbi ya kufika mpaka mchangani. Diani mwamba umeziba, mawimbi yanavunjikia huko mbali wewe unabaki na maji yametulia, lakini Malindi mto Sabaki unamwaga tope na maji yasiyo na chumvi, mwamba umeshindwa kuota mbele ya ghuba, kwa hivyo bahari inaingia wazi. Kwa hilo sina neno, ni kuzuri sana.

Shida ni duka la kukodisha. Jamaa alinitazama kuanzia kichwani, nimejistiri na nguo zangu za kuogelea za Kiislamu, akanitolea bodi ya faiba ya futi sita, nyembamba, ukubwa wake lita 29 umeandikwa pale chini karibu na mapezi. Mimi nina kilo themanini! Anayeanza anapewa bodi ya sponji, futi nane au tisa, lita za bodi zikaribie kilo za mwenyewe au zizidi, ndio ielee naye na ikimrudia kichwani isimpasue. Nikamwambia kaka, hiyo kubwa ya sponji hapo nyuma ndio naitaka. Akanijibu kwa sauti watu wote wasikie, "Mama, hizo ni za wageni. Wewe si unataka kupiga picha tu, chukua hiyo."

Kupiga picha! Nimelipa sawasawa na hao wageni, babangu alikuwa mvuvi, nimekulia kwenye bahari hii hii, halafu mtu ananiambia nimekuja kupiga picha. Mpaka saa hizi nikikumbuka natetemeka.

Na bodi yenyewe sasa. Mkiani ina ufa umebandikwa selotepu, chini ya selotepu ndani kumegeuka manjano, yaani imekunywa maji siku nyingi. Ufa kama huo bodi inakaushwa kwanza ndio unazibwa kwa resini. Nilipoisimamisha mchangani maji yakaanza kutoka pale kwenye ufa, tone, tone, na ni nzito kuliko inavyoonekana. Nta ya kupaka juu ya bodi miguu isiteleze pia aliniuzia ya maji baridi, karatasi yake imeandikwa chini ya nyuzi 15, na bahari yetu hata kusi ikivuma iko 25 hivi, basi ikayeyuka kama samli juani, miguu inateleza tu.

Nilikuwa niwaambie msiende kabisa. Lakini kuna kijana anayefundisha pale ufukweni, si wa lile duka, aliiona ile bodi akaguna, akaenda mwenyewe kuniazimia ya sponji kwa rafiki yake. Akanilaza mchangani kwanza, vidole vya miguu viguse mkia wa bodi, kifua juu, macho yatazame ufuoni usitazame bodi. Tukaingia mpaka maji ya kiunoni, kwenye lile povu la wimbi lililokwisha vunjika, akasema dada ukisikia imekusukuma inuka mara moja, usipige magoti. Nikainuka! Wallahi nilisimama mpaka bodi ikagusa mchanga, nikapiga kelele kama mtoto. Huyo kijana nampa nyota tano, angekuwa na duka lake nisingekuwa naandika haya.

Kwa hivyo nendeni, tena nendeni wanawake wengi, mtafuteni mwalimu kwanza na yeye ndio awachagulie bodi, lile duka mlipite.

Nilikuwa nimeanza kupoa sasa, lakini hamjasikia ya mwisho. Narudisha bodi yao, jamaa anaonyesha ule ufa anasema nimeupasua mimi, eti dipoziti hairudi. Ufa wenye selotepu iliyokwisha kuwa nyeusi kwa uchafu! Nikamuuliza, hiyo selotepu nimeibandika mimi nikiwa majini? Akageukia simu yake. Bahati nzuri niliipiga picha kabla sijaingia majini na risiti ninayo, kwa hivyo ile elfu tatu yangu naifuata, na safari hii naenda na kaka zangu.