Seti ya vifaa vya mtoto wa mbwa: baada ya miezi mitano imebaki brashi

Doa hajafika nyumbani, mimi tayari nimeshamnunulia kila kitu. Ndivyo nilivyojidanganya. Niliagiza ile seti wanayouziwa watu wasiojua pa kuanzia: kitanda cha manyoya, mabakuli mawili ya plastiki, kola, kamba ya kujikunja yenyewe, shampuu, midoli mitano na brashi. Kwenye picha ilipendeza kweli. Leo Doa ana miezi 7, na kitu pekee cha seti ile ninachokishika kila wiki ni brashi.

Nianze na kitanda, maana ndicho kilichonivutia kununua. Alikilalia usiku wa kwanza na wa pili. Siku ya tatu nilirudi nikakuta sebule imejaa pamba, naye amekaa katikati yake, na uzi unaning'inia mdomoni. Sikujua amemeza kiasi gani. Uzi na vitambaa vinaweza kuziba utumbo wa mbwa, kwa hiyo siku mbili zilizofuata nilikuwa nachunguza kinyesi chake kama mtu aliyepoteza pete. Alipona kwa bahati. Tangu siku hiyo analalia shuka kuukuu iliyokunjwa mara nne, na sijawahi kumwona akilalamika.

Kola nayo ilikuwa pana mno. Alirudi kinyumenyume mara moja tu, kichwa kikachomoka. Kipimo nilikuja kukijua baadaye: vidole viwili vipite kati ya kola na shingo, visizidi, visipungue. Na kwa kuwa mtoto wa mbwa hukua kila kukicha, inabidi upime upya kila wiki.

Kamba ya kujikunja ndiyo iliyoniudhi zaidi. Mpini ni mzito, na siku uliponiponyoka kamba ilijikunja, mpini ukamfuata Doa nyuma kwa kishindo. Alikimbia, nao unamfukuza! Wiki mbili nzima akiona kamba yoyote anajificha chini ya kiti. Mkanda wa kawaida wa mita moja na nusu, usio na mashine yoyote, ndio uliomrudishia moyo. Tena kwa ukweli wala sikuhitaji kamba mapema vile. Daktari wa mifugo alinikataza kumshusha chini penye mbwa wengine hadi amalize chanjo, karibu na wiki ya 16, kwa sababu virusi vya parvo, vinavyoleta kuhara kunakoweza kumuua mtoto wa mbwa, hukaa kwenye udongo miezi mingi. Nje tulikwenda nimempakata. Mafunzo ya kamba tuliyafanya ukumbini.

Midoli: mitatu ilikuwa na kile kidude kinacholia tumboni, na Doa alikuwa na kazi moja duniani, kukitoa. Niliwahi kukichomoa kimoja kwenye ulimi wake. Miwili iliyobaki ilikuwa migumu kama jiwe. Siku hizi nikitaka kununua kitu cha kutafuna nakibonyeza kwanza kwa ukucha. Kisipobonyea hata kidogo, kinaweza kuvunja jino, nakiacha dukani. Pia kiwe kikubwa kuliko mdomo wake. Meno 28 ya utoto huanza kung'oka mwezi wa tatu au wa nne, na hadi mwezi wa saba hivi yanakuwa yamekamilika 42 ya ukubwani. Katikati hapo ufizi unawasha, miguu ya meza inaumia. Kilichomtuliza Doa kuliko midoli yote ni kitambaa kilicholowa maji, kikasokotwa na kugandishwa kwenye friji, mradi unamsimamia asianze kukila.

Shampuu sina la kusema. Nimeitumia mara mbili.

Sasa yale ambayo seti haikuwa nayo. La kwanza ni kizimba. Nilikinunua baadaye kwa akili ya kubana matumizi, nikachagua cha ukubwa atakaokuwa nao mwakani. Basi akafanya kona moja chumba cha kulala na kona ya pili choo. Mbwa hapendi kuchafua anapolala, lakini nafasi ikiwa kubwa anapata pa kukwepea. Niliporudi kutafuta kile kizuizi cha kugawanya ndani, nikampa nafasi ya kusimama, kugeuka na kujinyoosha tu, mambo yalibadilika ndani ya siku chache. Bado niliamka usiku. Mtoto wa miezi miwili huwezi kumdai ajizuie zaidi ya saa tatu hivi.

La pili ni kisafishio chenye vimeng'enya. Hapa jina la Doa lilitimia: nilimwita hivyo kwa baka jeusi lililo jichoni, kumbe alikuwa na madoa mengine mengi ya kuniletea kwenye zulia. Nilikuwa nasugua kwa sabuni yenye amonia, naye anarudi palepale. Harufu ya amonia inafanana na ya mkojo, kwa hiyo nilikuwa namwonyesha choo kilipo. Vimeng'enya huvunjavunja mkojo wenyewe, ila usipanguse haraka, viache vilowe.

La tatu ni chakula alichokizoea alikotoka. Ndani ya seti kulikuwa na pakiti ya bure ya chakula kikavu, nami nikambadilishia siku hiyohiyo. Aliharisha siku tatu. Kumbe inatakiwa uchanganye kidogokidogo kwa muda wa wiki, kipya kikizidi na cha zamani kikipungua.

Niliwaandikia wauzaji kuhusu kitanda. Jibu lilikuja kwamba mbwa wangu ana nguvu kuliko kawaida. Ana wiki 8, nikawajibu. Hawakuandika tena. Nimewapa nyota moja, ya brashi.

Mdogo wangu anachukua mtoto wa mbwa mwezi ujao na aliniomba nimwelekeze kwenye seti ileile. Nimempelekea kola nyingine, ndogo, ambayo sasa inamkaza Doa, nusu chupa ya kisafishio na shuka moja kuukuu. Kitanda nimemwambia asubiri meno.