Video au faili la mradi: utume kipi ili upate maoni?

Sisi tunaotengeneza katuni kwa Blender, programu ya kompyuta, hapa Kigoma, wengi tunatumiana video kwa WhatsApp. Ni nyepesi, inafunguka hata kwenye simu ndogo, na mwenzako wa Ujiji anakujibu akiwa kwenye daladala. Tatizo, WhatsApp huibana video. Mawimbi ya ziwa yanatoka na ukungu, unakosolewa kwa kosa lisilo lako. Itume kama dokumenti, ubora unabaki.

Faili la mradi, yaani lile la Blender lenye katuni yenyewe unayoitengeneza, ni habari nyingine kabisa. Anayelifungua haishii kusema “kasia linaenda vibaya.” Anaingia kwenye mistari ya mwendo, ile inayoonyesha jinsi kitu kinavyosogea, anaona kwamba kuanzia fremu (picha moja moja ya katuni) ya 12 hadi ya 24 kasi haibadiliki hata kidogo, ndiyo maana mvuvi wako anapiga kasia kama mashine. Anarekebisha, anakurudishia, unaona alichokifanya. Ila hapo lazima awe na kompyuta na bando, nawe ufungashe ndani ya faili picha zote ulizovisha vitu, la sivyo Blender haitaziona na mtumbwi utamfikia ukiwa na rangi ya waridi iliyokolea.

Kwa mwendo, nachagua faili bila kusita. Kwa hadithi, video inatosha, na hata bibi asiyegusa kompyuta anaweza kukuambia ni wapi hakuelewa.